Uvimbe Umeshuka, Mguu Bado: Kifundo Legevu Katika Jiji la Miteremko

Kuteguka mguu ni jeraha linalodharauliwa kwa sababu kila mtu amewahi kuliona. Kijana anategua kifundo uwanjani Jumapili, Jumatatu anachechemea kwenda kazini, jioni anakandwa kwa maji moto na chumvi, na wiki ya tatu, uvimbe ukishashuka, anarudi mchezoni. Wenzake wanasema amepona. Mwezi unaofuata, akiteremka ngazi za mtaani bila mbio wala kusukumwa na mtu, mguu uleule unampinda. Kisha unampinda tena. Mwaka ukiisha ameshazoea kuishi nao: anachagua viatu, anachagua njia, mpira ameuacha, na ukimuuliza anajibu kwamba mguu wake ndivyo ulivyo.

Jibu hilo linanisumbua. Tumeupa uvimbe kazi isiyo yake, ya kututangazia kwamba mtu amepona. Unaposhuka mara nyingi unaacha ulegevu ambao macho hayauoni, na ulegevu huo haukai kifundoni peke yake. Unabadilisha namna goti linavyojikunja, namna nyonga inavyoubeba mwili, na namna ubongo unavyoipanga hatua ijayo. Kwa mkazi wa Kigali, jiji lililotandazwa juu ya vilima kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500, mabadiliko hayo hujitokeza mara tu anapovuka kizingiti cha nyumba yake.

Kifundo cha mguu, ambacho wachezaji wengi wamezoea kukiita enka, kina mfupa uitwao talasi uliobanwa kati ya ncha za mifupa miwili ya muundi. Mfupa huo ni mpana mbele na mwembamba nyuma. Unapopanda mlima, vidole vikielekea juu, ile sehemu pana huingia katikati ya mifupa miwili na kukaza kama kabari kwenye ubao. Unapoteremka na kutanguliza ncha ya mguu, inayokaa pale ni sehemu nyembamba, na kiungo kinapata nafasi ya kucheza. Hapo kinachozuia wayo usigeukie ndani ni kano tatu za upande wa nje. Ile ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote, nayo hukatika kwanza. Kwa maneno mengine, mteremko humkuta mtu kifundo chake kikiwa katika mkao wenye ulinzi mdogo kabisa.

Si kila aliyeteguka mara moja ana ulegevu sugu. Mwaka 2013 jopo la kimataifa la watafiti wa kifundo lilichapisha vigezo vya nani ahesabiwe kuwa nao: awe aliteguka vibaya angalau miezi 12 iliyopita, na awe na dalili kama ya mguu kumlegea ghafla angalau mara mbili katika miezi sita ya karibuni. Je, ni wangapi hufika huko? Watafiti wa University College Dublin, nchini Ayalandi, waliwafuatilia watu walioteguka kwa mara ya kwanza, na mwaka 2016 wakaeleza kwamba baada ya miezi 12 asilimia 40 kati yao walikuwa na ulegevu sugu. Lililonivutia zaidi katika kazi yao ni baadhi ya mambo yaliyotabiri nani angefika huko: kushindwa kuruka na kutua wiki mbili baada ya jeraha, na miezi sita baadaye kushindwa kuunyoosha mguu mmoja mbali huku mwili umesimama juu ya mwingine. Dalili hizi mbili zinahusu mwendo. Uvimbe haumo.

Kuhusu chanzo, mabingwa walibishana kwa miaka mingi. Upande mmoja ulitazama kano zilizorefuka: Lennart Broström wa Uswidi alieleza mwaka 1966 upasuaji wa kuzishona upya, na namna za upasuaji huo zinatumika mpaka leo. Upande mwingine ulitokana na daktari wa Uingereza, M. A. R. Freeman, ambaye mwaka 1965 alitoa hoja pamoja na wenzake kwamba kano si kamba tu. Ndani yake mna mishipa ya fahamu inayoujulisha mwili mguu umekaaje. Kano inapochanika, taarifa hizo hupungua, na misuli hubaki bila kuongozwa sawasawa. Akawapa wagonjwa wake mazoezi ya kusimama juu ya kibao kinachoyumba. Mwaka 2002 Jay Hertel wa Marekani aliziunganisha njia hizo mbili, na mwaka 2019, akishirikiana na Revay Corbett, akapanua mchoro wake ukaingiza maumivu, woga wa kuumia tena, na mazingira anamoishi mtu. Neno hilo la mwisho, mazingira, ndilo linalonifanya niandike kuhusu Kigali, maana vipimo vingi vya mwendo wa watu hawa vimefanywa kwenye sakafu tambarare ya maabara, na wengi wa waliopimwa ni wanafunzi na wanamichezo.

Kiini cha jambo lote kipo katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Wayo unapogeuka ghafla, misuli ya upande wa nje wa muundi, yenye kazi ya kuurudisha, huchukua takribani milisekunde 60 hadi 80 ndipo ianze kuitikia, na muda zaidi ndipo nguvu yake ifike kwenye kiungo. Kufikia hapo kano imeshavutika. Maana yake ni kwamba hata mwenye kifundo kizima haokolewi na wepesi wa misuli yake. Anaokolewa na maandalizi: kabla mguu haujagusa ardhi, ubongo umeshakisia uso wa ardhi, umeshaukaza muundi kiasi kinachotakiwa, na umeuweka wayo katika pembe iliyo salama. Mguu unapokuwa hewani, unyayo hupita sentimita moja au mbili tu juu ya ardhi. Nafasi ya kukosea ni ndogo mno.

Kwa mwenye ulegevu sugu, maandalizi hayo ndiyo yaliyoharibika. Vipimo vya mwendo katika maabara mbalimbali vimeonyesha kwamba kisigino chake kinapokaribia ardhi, wayo tayari umegeukia ndani kidogo na ukingo wake wa nje umeshuka. Akishakanyaga, uzito humpitia upande wa nje wa unyayo badala ya katikati. Anatembea hivyo mchana kutwa bila kujua. Ardhi ikiwa sawa hakuna kinachotokea. Likitokea jiwe moja lililoinuka, mguu uliokuwa umeanza kugeuka unamalizia safari.

Kutoka hapo athari hupanda juu. Msuli wa ndani wa kigimbi hupunguziwa nguvu na mfumo wa fahamu wenyewe, ingawa msuli haukujeruhiwa. Misuli ya pembeni ya nyonga, ya mguu uleule ulioteguka, imeonekana kuwa dhaifu kwa wengi wao, na jambo hili linafaa lichukuliwe kwa uzito, kwa sababu nyonga ndiyo huamua mguu utatua wapi. Ikichoka, mguu hutua karibu mno na mstari wa katikati ya mwili, uzito unaangukia nje ya unyayo, na kifundo kinapinda kwa kosa lililofanyika huko juu. Mtu anakanda kifundo mwaka mzima, kumbe hatari inatoka nyongani.

Goti nalo lina hesabu yake. Kuteremka ngazi kunalitaka goti lisogee mbele ya vidole huku kisigino kikibaki chini, na hilo linawezekana tu kama kifundo kinakunjika vya kutosha. Baada ya kuteguka, wengi hubaki na ugumu wa kukikunja. Basi mwili unatafuta njia ya pembeni: kisigino kinainuka mapema, wayo unatazama nje, goti linaangukia ndani, au kiwiliwili kinainama mbele ili nyonga ifanye kazi ya kifundo. Wakitua kutoka kwenye mruko, watu hawa mara nyingi hukaza mguu badala ya kuukunja taratibu, hivyo mshtuko ambao kifundo na kigimbi vingeumeza unapelekwa juu, na watafiti wameuhusisha utuaji wa namna hiyo na mzigo mkubwa kwenye kano za goti. Nje ya michezo, ugumu huohuo unajionyesha katika kuchuchumaa: kufua nguo kwenye beseni, kuchochea jiko la makaa, kutumia choo cha shimo. Anayechuchumaa kwa kuinua kisigino kimoja anatoa taarifa kamili kuhusu kifundo chake.

Mawili zaidi hayafahamiki sana nje ya vyumba vya wataalamu. La kwanza, baada ya mguu mmoja kuteguka, uwezo wa kusimama kwa mguu mmoja hupungua pande zote mbili. Mguu mzima nao huyumba. Hii ni dalili kwamba jambo limefika kwenye mfumo wa fahamu, si kwenye kano tu. La pili, wenye ulegevu sugu huyategemea macho zaidi kuliko wengine ili wasianguke. Taarifa kutoka kifundoni zikipungua, ubongo huziba pengo kwa kutazama.

Sasa tuupeleke mwili huo Kigali. Jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza halichelewi. Watu wanashuka basi wakitoka kazini, wanaacha barabara ya lami yenye taa na kuingia vichochoro vinavyoteremka bondeni, vyenye ngazi za mawe ambazo hakuna mbili zenye urefu sawa. Mwenye kutegemea macho amenyang'anywa macho. Mama aliyebeba beseni la ndizi kichwani hawezi kuinamisha shingo atazame anapokanyaga, hata mchana. Kama ana mtoto mgongoni, uzito wake umehamia nyuma na juu. Kifundo legevu kinamtaka aangalie chini, na kazi inayomlisha inamtaka aangalie mbele. Maabara haijawahi kubuni kipimo kikali kuliko hicho.

Kuna pia njia zinazokata kilima kwa ubavu. Ukitembea kwenye njia iliyolala upande, mguu ulio upande wa bondeni ndio wayo wake unaogeukia ndani, mkao uleule unaotegua. Wa upande wa mlimani uko salama zaidi. Ukirudi jioni kwa njia hiyohiyo, miguu inabadilishana nafasi. Kwa hiyo mtu anayesema mguu wake humsumbua akienda tu, akirudi haumsumbui, hazushi, na anayemsikiliza angefanya vizuri kumuuliza anapita wapi. Mwaka 2006 watafiti wa Australia walitoa dodoso la kupima ulegevu wa kifundo, lenye alama 30, na mojawapo ya maswali yake ni iwapo kifundo huhisi kuyumba mtu anaposhuka ngazi, jingine anapotembea kwenye ardhi isiyo sawa. Hapa mtu hupimwa mambo yote mawili kabla ya chai ya asubuhi.

Septemba 2025 dunia ilivitazama vilima hivi kwa siku nane, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Wapanda baiskeli walihangaika kwenye mpando wa mawe wa Kimihurura. Mguu wa mpanda baiskeli, hata hivyo, umefungwa kwenye pedali na haugeuki. Mzigo wa mawe yale kwa vifundo wanaujua wakazi wanaoyateremka kwa viatu vya kazini, na wengine kwa visigino virefu.

Michezo ina sura mbili. Tangu Mei 2021, ligi ya mpira wa kikapu ya Afrika ilipochezwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi unaoitwa leo BK Arena, vijana wa Kigali wanaujaza kila uwanja wa saruji wenye pete. Katika mchezo huo njia ya kawaida kabisa ya kuteguka ni kutua juu ya mguu wa mwenzako chini ya kikapu. Mchezaji wa ligi ana mtaalamu wa fiziotherapia, plasta ya kufungia na muda wa kupumzika. Kijana wa mtaani ana Jumapili ijayo tu. Na bado kinga haihitaji fedha nyingi: utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2011 kwa wachezaji wa kikapu wa sekondari ulionyesha kwamba kifunga kifundo chenye kamba za kukaza kilipunguza majeraha ya kifundo, kwa walioteguka zamani na kwa wasiowahi kuteguka.

Ningependa pia walimu wa ngoma ya intore wafikirie jambo hili. Mcheza intore hufungwa njuga za amayugi vifundoni, kisha huruka na kupiga ardhi kwa nguvu, mguu kwa mguu. Kila anapotua, njuga husema. Mguu unaochelewa, au unaotua kwa woga, hauwezi kulia sawa na mwenzake. Mwalimu mwenye sikio zuri ana kifaa cha kupima mwendo ambacho wengine hukinunua kwa bei kubwa, na mchezaji wake anastahili kuulizwa mapema kuhusu mguu huo badala ya kuhimizwa apige zaidi.

Tiba tunayoizoea inaanza vibaya. Kuuchua mguu kwa nguvu, kuuvuta na kuukanda kwa maji moto siku ileile ya jeraha huongeza damu kuvuja ndani. Sina nia ya kuwabeza waunga mifupa wanaofanya hivyo. Wanapatikana, wanasikiliza, na mgonjwa hatoki kwao bila kuguswa. Lakini kabla ya kuguswa na yeyote, swali la kwanza ni kama mfupa umevunjika, na kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, mwaka 1992 zinamsaidia hata asiye daktari kujua nani anahitaji picha ya eksirei: aliyeumia kifundo akawa na maumivu anapobonyezwa kwenye ncha au ukingo wa nyuma wa mojawapo ya mifupa miwili inayojitokeza pembeni, au asiyeweza kupiga hatua nne kwa mguu huo, mara baada ya kuumia na pia anapopimwa. Huyo asichuliwe. Apelekwe hospitali.

Picha ikionyesha mfupa mzima, ndipo pengo kubwa linapofunguka. Mgonjwa hupewa dawa za maumivu na kuambiwa apumzike. Bima ya afya ya jamii, mituweli, imewafikisha Wanyarwanda wengi mbele ya mhudumu, na wataalamu wa fiziotherapia wamekuwa wakifundishwa hapa Kigali tangu miaka ya 1990, katika taasisi ya afya iliyoanzishwa mwaka 1996 na ambayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Lakini fiziotherapia kwa kawaida hukaa hospitali ya wilaya na kwenda juu, wakati kifundo kilichoteguka huishia kituo cha afya, au hakifiki hata huko. Anayekwenda kutafuta mazoezi wiki sita baadaye, uvimbe ukiwa umekwisha, anaonekana hana ugonjwa.

Gharama inakuja baadaye. Utafiti wa mwaka 2015 kwa wanafunzi wa chuo nchini Marekani ulionyesha kwamba wenye ulegevu sugu walitembea hatua chache kwa siku kuliko wenzao. Na tofauti na goti au nyonga, sehemu kubwa ya kusagika kwa gegedu la kifundo hutokana na majeraha ya zamani. Aliyeteguka akiwa na miaka 20 anaweza kuyapata maumivu ya kusagika huko akiwa na miaka 45, umri ambao bado anabeba familia. Yule kijana aliyeacha mpira anahesabiwa kuwa hana tatizo kwa sababu hachechemei, ilhali amepunguza maisha yake yalingane na kifundo.

Upasuaji si jibu la wengi. Unawafaa wachache ambao mazoezi ya miezi kadhaa yameshindwa kuwasaidia. Jibu la wengi lilipimwa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2009: wanamichezo 522 waliotoka kuteguka waligawanywa makundi mawili, wote wakapata matibabu yao ya kawaida, na kundi moja likaongezewa mazoezi ya usawa ya wiki nane, mara tatu kwa wiki, nyumbani, bila msimamizi. Katika mwaka uliofuata, asilimia 22 ya waliofanya mazoezi waliteguka tena, dhidi ya asilimia 33 ya wasiofanya. Hawakuponywa wote, ni kweli. Lakini nijuavyo hali ya vituo vyetu, maneno mawili katika utafiti huo yana uzito kuliko tarakimu zake: nyumbani, na bila msimamizi. Rwanda ina makumi ya maelfu ya wahudumu wa afya wa jamii, wanaoishi vijijini na mitaani pamoja na wagonjwa. Kuwafundisha mazoezi manne ya kusimama kwa mguu mmoja ni kazi ya asubuhi moja.

Kuna pia jukwaa lililo tayari. Tangu mwaka 2016 Kigali hufunga baadhi ya barabara zake Jumapili za siku bila magari, watu wakakimbia na kutembea, na papo hapo wakapimwa shinikizo la damu na sukari. Kipimo cha kifundo kingeweza kuongezwa pale bila mashine yoyote. Mtu avue viatu, asimame kwa mguu mmoja, mikono kiunoni, kwanza macho yakiwa wazi kisha yakiwa yamefumbwa, halafu abadilishe mguu. Kisha aelekee ukutani, aweke kidole gumba cha mguu sentimita chache kutoka ukutani, na apeleke goti mbele mpaka liguse ukuta, kisigino kisiinuke. Asogeze mguu nyuma kidogo kidogo mpaka goti lishindwe kufika, apime umbali huo kwa rula, halafu arudie mguu wa pili. Miguu miwili ikitofautiana kwa sentimita mbili au zaidi, na ule wenye umbali mfupi ndio ulioteguka zamani, kazi ya kifundo hicho haijaisha, hata kama uvimbe uliondoka miaka mitatu iliyopita. Aandikiwe mazoezi, aulizwe anapita njia gani kwenda kazini, na apangiwe tarehe ya kupimwa tena baada ya wiki nane.